Kishingo Kagoma Kula

Kishingo ni kuku wa bibi yangu mzaa mama, kule Tanga. Jina hilo hakupewa kwa mapenzi. Ni la aina yake tu: wale kuku wenye shingo tupu, nyekundu, kana kwamba mtu alianza kuwanyonyoa akaitwa kabla hajamaliza. Umri wake Bibi anauhesabu kwa misiba ya mtaani, na kwa hesabu hiyo anakaribia miaka saba. Alhamisi moja ya Februari, joto likiwa lile la kumfanya mtu alale sakafuni, Kishingo alijikunyata chini ya mtungi, na mtama uliomwagwa mbele yake akauangalia tu. Ijumaa hivyo hivyo. Jumapili nilipofika kumjulia hali Bibi, nilikuta baraza zima limehamia uani kumjadili kuku mmoja.

Nawaandikia maneno yao kama nilivyoyasikia. Nimekata salamu, ambazo zilikuwa ndefu, na hadithi za watu wasiokuwepo, ambazo zilikuwa ndefu zaidi.

MJOMBA: Mama, hapa hapana la kujadili. Achinjwe sasa hivi, kabla ya adhuhuri. Papai bichi lile pale mtini, nyama itaiva hata kama ni ya ajuza. Tukingoja kesho tutamkuta kibudu, tupate hasara mara mbili: kuku hatuna, mchuzi hatuna.

BIBI: Kisu unakijua kilipo. Ila nikukumbushe, mwanangu. Ulipougua surua ulikataa uji siku nne. Mbona sikuulizia kisu?

MJOMBA: Mimi sikuwa kuku, mama.

BIBI: Kwa kukataa kula, ulikuwa kuku hasa.

MCHUUZI (ameegemeza baiskeli ukutani, tenga la nyuma limejaa): Shikamoo, Bibi. Usimchinje, usimpoteze. Nipe mimi. Elfu nane, taslimu. Jioni atakuwa sokoni, na mgonjwa akichanganyika na wazima hajulikani.

BIBI: Marahaba. Hajulikani na nani?

MCHUUZI: Na mnunuzi, Bibi.

Nampa alama zake huyu kijana: ndiye pekee uani aliyesema wazi anachokusudia.

BINTI (binamu yangu, anasomea uuguzi): Mnaongea kama ameshakufa. Mgonjwa asiyekula hulishwa. Nitafutieni bomba la sindano, bila sindano yenyewe. Nakoroga uji wa lishe, namfungua mdomo, namminia kooni mpaka ashibe.

BIBI: Hapo umesema, mke mwenzangu. Na uji huo utie pilipili kichaa tatu na jani la mshubiri. Pilipili huamsha tumbo.

MJOMBA: Mtie na tui la nazi basi, tumalizie mchuzi humo humo tumboni.

JIRANI (mama wa nyumba ya pili, ana parachichi mkononi): Jamani, mpeni hili. La Lushoto, laini kama siagi. Mwanangu akiumwa hali kitu kingine.

Ilikwenda hivyo kwa nusu saa nzima. Kila aliyepita alikuja na chakula chake. Hata mimi, ambaye kuku namjua zaidi kwenye sahani, nilitaja glukosi. Ningeulizwa kimoyomoyo, ningesema niko upande wa Mjomba na papai lake. Kitu kimoja tu hakikufanyika katika nusu saa hiyo: hakuna aliyemshika kuku.

Ndipo akapiga hodi mzee tunayemwita Bwana Mifugo. Serikali ilishamstaafisha, mtaa bado.

BWANA MIFUGO: Kabla ya mapishi nina maswali. Wengine wanakula?

BIBI: Wanakula mpaka kamba za nguo.

BWANA MIFUGO: Huyu anahara kijani? Shingo imepinda? Mabawa yameanguka?

BIBI: La.

BWANA MIFUGO: Chanjo ya kideri?

BIBI: Tone la jicho, wote, mwezi wa kumi na mbili.

BWANA MIFUGO: Mwezi ujao tena basi, kila miezi mitatu. Kideri hakimchagui ajuza peke yake. Kingekuwa hicho, tungekuwa tunachimba shimo la wote. Lakini mlikuwa hamjui, na mlikuwa mnataka kumuuza. Wewe kijana, tenga lako ni basi. Ugonjwa unapanda hapa, unashuka Korogwe na nauli umelipiwa. Na wewe Mjomba, ungemchinja ukatupa utumbo na manyoya jalalani, kuku wa mtaa mzima wangekuja kuchakura humo humo.

MCHUUZI: Mimi natafuta riziki tu, mzee wangu.

BWANA MIFUGO: Tafuta kwa wazima. Bibi, haatamii huyu? Nauliza kwa sababu nimeitwa mara nyingi kutibu kuku ambaye hana ugonjwa wowote. Anayelalia mayai hukaa siku 21 kiotani, anatoka mara moja kwa siku kwa dakika chache, anadonoa punje mbili tatu, anarudi. Anakonda, mwenye kuku anaingiwa na hofu.

BIBI: Mwenye kuatamia namjua kwa sauti tu, nikiwa ndani nimelala.

BWANA MIFUGO: Hapukutiki manyoya? Kuku akibadili manyoya naye hupunguza kula.

MJOMBA: Shingoni hana hata moja la kupukutika.

BWANA MIFUGO: Haya. Jana usiku, gole lake lilikuwaje?

Kimya. Mchuuzi aliangalia baiskeli yake. Binti, mwenye vitabu, aliniangalia mimi.

Kwa wasiolijua: gole ni kile kifuko cha chakula kilicho mbele ya kifua cha kuku, upande wa kulia, chini kidogo ya shingo. Kuku hana meno. Anachodonoa huingia kwanza goleni, kikalainika humo, ndipo kikashuka mpaka firigisi, ambako changarawe alizomeza husaga kama mchi kinuni. Jioni kuku mzima huenda kulala gole limejaa. Alfajiri huamka liko tupu, kwa sababu usiku kucha ghala lilikuwa likipeleka kinuni. Bwana Mifugo alichuchumaa, akamkumbatia Kishingo kwapani, akapitisha vidole vitatu kifuani. Kwa kuku wa shingo tupu huhitaji hata kutafuta. Alikaa hapo muda, akibonyeza polepole, kisha akamnusa mdomo, jambo lililomfanya Jirani ageuze uso.

BWANA MIFUGO: Mnamlilia njaa. Huyu ameshiba tangu Alhamisi.

BINTI: Ameshiba nini, na mtama haujaguswa?

BWANA MIFUGO: Njoo ushike. Gumu, kama kiazi. Kimeingia kitu hakitoki. Lingekuwa laini, linachezacheza kama puto la maji, na mdomo unanuka uchachu, ningesema gole limechacha, fangasi wameota. Huyu hanuki. Hapa pameziba.

Tukafuata macho yake hadi kwenye kona ya banda, kilipokuwa kiroba cha mchele kilichofumuka ukingo, nyuzi nyeupe zikipepea. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Juni 2019, lakini viroba vya kusukwa viko kila ua, na vikizeeka hutoa nyuzi ambazo kuku huziona kama minyoo. Uzi mmoja hupita. Ishirini zikijisokota na majani makavu huwa kizibo. Kwenye kinyesi kidogo chini ya mtungi tuliuona mmoja.

BINTI: Kwa hiyo uji wangu…

BWANA MIFUGO: Ungekaa juu ya kizibo, kisha ungerudi mdomoni. Na unajua tundu la pumzi la kuku liko wapi? Fungua mdomo utazame: hapo hapo nyuma ya ulimi, wazi. Ukimminia kwa nguvu, uji unakwenda mapafuni. Usiku atakuwa anakoroma, asubuhi Mjomba atakuwa ameshinda. Ndiyo maana hata wale wanaomning'iniza kuku kichwa chini atapike, mimi siwaungi mkono. Akitapika huku anavuta pumzi, amekwisha.

MJOMBA: Nilisema kisu.

BWANA MIFUGO: Kisu chako tutakitaja tena, usikifiche mbali.

Alichofanya kilikuwa kidogo mno kwa macho ya watu waliokuwa wamekuja na mishubiri. Aliomba mafuta ya kupikia, nusu kijiko kidogo. Akayadondosha tone tone pembeni mwa mdomo, akingoja kila tone limezwe. Kisha akakanda gole kwa ncha za vidole, dakika tano hivi, polepole, kama mtu anayetafuta punje ya mchele ndani ya mfuko wa hariri. Akaagiza: nafaka marufuku, maji ya kutosha, kukanda mara nne kwa siku, alale peke yake ndani ya boksi, na alfajiri gole liguswe kabla ya kitu chochote.

BIBI: Na pilipili?

BWANA MIFUGO: Bibi, pilipili ile pale kwenye ua wa makuti uliipanda wewe?

BIBI: Iliota yenyewe.

BWANA MIFUGO: Ililetwa na ndege. Ndege anakula pilipili kama wewe unavyokula tende, ukali haumfikii.

BINTI: Hilo ni kweli, Bibi. Mwaka 2002 wanasayansi walichunguza neva za kuku. Kile kipokezi kinachotuunguza sisi, cha kuku hakiitikii ukali wa pilipili.

BWANA MIFUGO: Kwa hiyo unamwamsha kwa kelele asiyesikia. Haitamdhuru, lakini haitasukuma uzi. Mshubiri ndio sitaki kabisa. Utomvu wake unaharisha, na huyu hana maji ya kupoteza.

BIBI: Mama yangu alitumia mshubiri, kuku wakapona.

BWANA MIFUGO: Na waliokufa aliwahesabu?

BIBI (baada ya kitambo): Waliokufa walikuwa wamefikwa na siku yao.

JIRANI: Parachichi basi?

BWANA MIFUGO: Mama, kula mwenyewe. Parachichi lina sumu kwa ndege: majani, ganda, kokwa, hata nyama yake. Hugonga moyo. Maharage mabichi vilevile usiwatupie. Ya kupika hayana neno.

Jirani alilila pale pale, kwa kijiko.

Binti hakukata tamaa. Alitaka antibayotiki, ile ya unga inayouzwa duka la dawa za mifugo, na hapa nilimwona Bwana Mifugo akiudhika kweli kwa mara ya kwanza.

BWANA MIFUGO: Ya nini? Bakteria gani umemwona? Dawa haikati uzi. Halafu tukishamtia dawa, nyama hailiwi wala yai haliliwi mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye pakiti. Mjomba atangoja siku hizo? Hatangoja. Tutakunywa dawa na supu.

MJOMBA: Hilo kweli singengoja.

Jumapili jioni gole lilikuwa vile vile. Jumatatu alfajiri Bibi alinigongea mlango: "Mume wangu, amka ushike." Lilikuwa limelegea ukingoni, kama ugali uliomwagiwa mchuzi. Jumanne kinyesi kilitoka na fundo la nyuzi na majani, ukubwa wa jongoo aliyejikunja. Jumatano alfajiri lilikuwa tupu, limelala kama mfuko wa shati. Bwana Mifugo alisema tumebahatika. Lisingelegea, mganga wa mifugo angelazimika kulipasua na kulishona, operesheni fupi, lakini kwa kuku wa miaka saba si jambo la kuagiza ukiwa umekaa barazani.

Tukamwekea mtama wake. Hakula.

Ndipo mjadala wa pili ukaanza, na huu ndio uliostahili kuwa wa kwanza.

MJOMBA: Sasa kizibo kimetoka na hali. Mnataka nini tena? Yai hatoi tangu mwaka jana. Kuku ni mali, mama, na mali isiyozaa ni mzigo.

BIBI: Huyu amenilelea vifaranga ambao mitetea hawa wapya wangewaacha mwewe awachukue. Nimemlaza mayai ya bata, akakaa siku 28 bila kulalamika, wakatoka, wakaingia kwenye dimbwi, akabaki ukingoni anapiga kelele. Kazi hiyo ya nani? Kila kitu kwako yai?

BINTI: Kule Marekani, Michigan, kuku mmoja aitwaye Peanut alifika miaka 21. Alikufa Desemba 2023, akiwa kwenye kitabu cha Guinness.

MJOMBA: Huko kuku wana vitanda.

BWANA MIFUGO: Acheni Marekani. Nani amemtazama usoni?

Tulimtazama. Jicho la kushoto lilikuwa na ukungu mweupe, mtoto wa jicho. Mtama tulikuwa tukiumwaga kushoto kwake, kwa sababu ndipo kivuli kilipo. Bwana Mifugo akauhamishia kulia. Kishingo akainamisha kichwa, akadonoa mara mbili. Mapora wawili waliokuwa wakijifanya wanachakura mbali wakaja mbio, wakamchoma kichwani, akarudi chini ya mtungi.

BWANA MIFUGO: Mnaona. Hamu anayo. Nafasi ndiyo hana. Kuku akizeeka hushushwa daraja kule bandani. Anakula wa mwisho, na wa mwisho hupata vumbi. Mwenye banda akiona hali, anasema kagoma.

Akampapasa kidari. Mfupa wa katikati ulikuwa umechongoka kama ukingo wa mtumbwi, nyama pande zote mbili imeliwa. Akatazama mdomo: ncha ya juu imerefuka na kupinda kama kasuku, punje inateleza. Aliipunguza kwa tupa ndogo ya kucha. Akapekua chini ya mabawa kutafuta utitiri na papasi, kwa sababu kuku anayenyonywa damu usiku kucha mchana hana nguvu ya kula, na upanga wa kichwani hupauka. Palikuwa na utitiri kidogo. Hilo lilishughulikiwa siku ile ile kwa kumwaga matandiko na kuweka majivu mapya.

Kisha chakula. Hapa, baada ya siku tatu za kuambiwa "ngoja", kila mtu alikuwa na hamu ya kusema, na wengi walikuwa na haki.

BINTI: Cha kutagia kipo gunia zima.

BWANA MIFUGO: Hicho kina chokaa nyingi, ya kutengenezea ganda. Asiyetaga figo zake zinaibeba bure. Mpe cha vifaranga, kina protini na ni laini. Loweka kwa maji ya uvuguvugu mpaka kiwe kama uji mzito, na kikikaa saa mbili hakijaliwa, mwaga, kwa joto hili kitachacha.

BIBI: Mimi nitamchemshia yai, nimpondee kiini.

JIRANI: Utamfundisha kula mayai!

BIBI: Mayai anayafahamu kwa umbo. Hiki kilichopondwa anajuaje kilitoka wapi?

Sijui Jirani aliridhika vipi, ila Bwana Mifugo alimpa Bibi haki yake. Dagaa pia walipita, waoshwe chumvi kwanza, wapondwe. Papai bivu likapita, vipande vidogo. Mjomba akasema ameishi kuona papai lake likienda kwa kuku badala ya kuku kwenda kwa papai. Maji yakawekewa sukari, kwa siku ya kwanza tu: vijiko vidogo viwili kwa lita moja, na robo kijiko cha chumvi. Wakati wa kula ukawa alfajiri na jioni, kwa sababu mchana wa Februari hata kuku kijana anahema mdomo wazi na hataki kitu. Mahali pakawa nyuma ya banda la mkaa, mapora wasikofika. Sahani ikawekwa kulia. Bibi alikaa naye kila mara, akidonoa sahani kwa kidole cha shahada kama kuku mama anavyowafundisha vifaranga, tok tok tok, na mara ya tatu Kishingo akafuata kidole.

Jioni ile Bwana Mifugo alisema neno ambalo Binti hakulipenda.

BWANA MIFUGO: Msije mkadhani uzee umeondoka na zile nyuzi. Kuku jike akishapita miaka michache, matatizo mengi hukaa kwenye mfumo wa mayai. Yai hukwama, au huvunjikia ndani likaoza. Hupata uvimbe kwenye ovari bila kuambukizwa na yeyote. Kuna maabara zinafuga kuku kwa ajili hiyo, kusoma saratani ya ovari ya wanawake, kwa sababu ni katika wanyama wachache wanaoipata wenyewe. Siku mkiona tumbo limejaa maji, anasimama wima kama pengwini, anahema, gole tupu na hagusi hata yai kwa siku mbili, msimpikie tena. Hapo Mjomba ndiye mwenye dawa, na ifanyike haraka, kwa kisu kikali.

Mjomba, ambaye kwa siku nne alikuwa akiomba haki hiyo, hakusema kitu. Bibi alikuwa akikunja kanga yake.

BIBI: Nimesikia. Lakini si leo.

Mimi nilihamia upande wa Bibi Jumatano ile, na sababu yangu si huruma. Tulikuwa watu sita na vyakula sita, na kuku alikuwa na kizibo, jicho bovu, mdomo uliopinda na maadui wawili. Hakuna kimojawapo cha vyakula vyetu kilichojibu lolote kati ya hayo. Tulikuwa tunajilisha wenyewe wasiwasi wetu. Mjomba angepata supu nzuri, sikatai, ila angechinja kuku mwenye hamu ya kula.

Naandika haya ikiwa siku ya kumi na moja. Kishingo anakula vijiko vitano vya rojo asubuhi na karibu hivyo jioni. Kidari bado kimechongoka. Hajataga. Kiroba kimechomwa moto. Mchuuzi alipita juzi, akauliza bei ya mapora, akauziwa wote wawili, wakiwa wazima.

Wewe mwenye kuku mzee uani, leo usiku akishapanda kulala, mguse gole. Kesho alfajiri, kabla hujamwaga hata punje, mguse tena.